Wasomaji Wanauliza: Hema la Kivuli Kando ya Trela

Barua tulizopokea safari hii karibu zote zinahusu chombo kimoja: hema la kivuli la kukunjua, lenye miguu minne na vyuma vya mkasi, linalosimamishwa kando ya trela la kulala. Tumezipanga kuanzia dukani hadi siku ya kufungasha. Wengi mmeuliza kuhusu jua, lakini vinavyoyaua mahema haya ni upepo na maji, kwa hiyo tumekaa huko kwa muda mrefu zaidi.

Swali: Ndugu wahariri, tuko watu watano na trela letu lina urefu wa mita 5. Dukani tumeona mahema mawili, yote yameandikwa 3 × 3. Moja miguu yake imesimama wima, jingine miguu imetanuka kwenda nje, nalo bei yake ni nafuu. Kuna tofauti gani?

Jibu: Lenye miguu iliyotanuka hupimwa chini, pale miguu inapokanyaga. Juu, kwenye kitambaa chenyewe, mara nyingi hubaki mita 2.4 kwa 2.4. Hiyo ni mita za mraba 5.76, wakati la miguu wima lina 9 kamili. Unafuu wa bei umetokea hapo.

Ya miguu iliyotanuka yana faida zake. Ni mepesi, na yakikunjwa huwa mafupi, baadhi hufika mita 1.2 tu, wakati la miguu wima huwa na kama mita 1.5 au 1.6. Lakini kando ya trela miguu ile hutokeza mahali watu wanapopita kwenda mlangoni, na kuta za pembeni hazikai vizuri kwenye mguu ulioinama. Kwa watu watano chukueni miguu wima.

Msikimbilie pia 3 × 4.5 kwa sababu tu trela ni refu. Paa hilo lina mita za mraba 13.5 za kushika upepo, na fremu yake inahitaji watu wanne kuisimamisha bila kuikunja.

Jambo moja ambalo muuzaji hatawaambia: kivuli huhama. Jua likiwa nyuzi 45 kutoka upeo wa macho, kivuli cha paa lililo mita 2 juu husogea mita 2 pembeni. Kwenye hema la mita 3 mnabakiwa na mita 1 tu ya kivuli chini ya paa lenyewe, kingine kimeangukia majirani. Dawa ni kuegesha trela ili bodi lake liwe kati ya hema na jua la alasiri. Hapo trela linafanya kazi ya ukuta, na halipeperuki.

Swali: Fremu ya chuma au ya alumini? Na nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Chuma ni kizito na bei yake ni ya chini, ila hushika kutu kuanzia ndani, kwenye matundu ya bolti na vitufe ambako rangi haifiki. Alumini haishiki kutu na ndiyo bora kwa anayepiga kambi ufukweni, mradi bolti zake ziwe za chuma kisichoshika kutu. Lakini alumini nyembamba hukunjika haraka kuliko chuma cha wastani. Msinunue jina la madini. Ulizeni unene wa bomba. Mguu wenye pembe sita, upana wa mm 40 na unene wa mm 1.5 au zaidi, ni mguu wa kuaminika.

Kisha angalieni viungo, yaani vile vipande vya plastiki au chuma vinavyounganisha vyuma vya mkasi na miguu. Hapa ndipo mahema mengi huanza kufa. Mwombeni muuzaji alifungue hema lote, mshike mguu mmoja kwa juu na kuutikisa. Viungo vikichezacheza sana kwenye hema jipya, msitarajie lidumu. Tazameni pia kama vyuma vimefungwa kwa bolti na nati au kwa ribiti. Vya bolti hubadilishwa kimoja kimoja kwa spana. Vya ribiti vikikunjika kimoja, mmenunua chuma chakavu.

Kitambaa huandikwa 150D, 300D, 600D. Namba hiyo ni unene wa uzi, haisemi lolote kuhusu kuzuia maji. Kinachozuia maji ni utando uliopakwa upande wa ndani, na kipimo chake ni milimita za maji ambazo kitambaa kinaweza kubeba kabla hakijavuja. Kuanzia mm 1,000 hadi 1,500 inatosha kwa hema la kivuli. Mishono iwe imezibwa kwa utepe. Kwenye kila kona pawe na kitanzi cha kamba kilichoshonewa kipande cha ziada. Kitanzi kilichoshonwa mstari mmoja hung'oka siku ya upepo wa kwanza.

Vigingi vinavyokuja na hema vihesabuni kama zawadi ya mfungashaji. Tengeni fedha ya kununua vingine.

Swali: Mlango wa trela letu unagonga ukingo wa hema. Fundi ametushauri tulisogeze karibu kabisa na kulifunga kwenye reli ya trela. Ni sawa?

Jibu: Msilifunge. Trela limekaa juu ya springi na matairi: mtu akipanda linazama kidogo, akishuka linainuka. Hema limekanyaga ardhi. Mkiviunganisha kwa kamba ngumu, kila anayeingia kulala anaivuta fremu, na kila upepo unaolitikisa hema unaivuta reli. Huanza kuvunjika kiungo cha kona. Baadaye hulegea skrubu za reli, na matundu ya skrubu hizo ndiyo njia ya maji kuingia ndani ya ukuta wa trela.

Kuhusu mlango, hesabu haiwezi kukubali. Sakafu ya trela iko sm 50 au 60 juu ya ardhi, mlango unaongeza mita 1.7 au zaidi, hivyo ncha yake ya juu inapita mita 2.2. Ukingo wa hema uko karibu mita 2, na lile pazia fupi linaloning'inia hushuka sm 20 hadi 30 tena. Hata mkiinua miguu mpaka tundu la mwisho, mlango utagonga. Pimeni upana wa mlango, ongezeni sm 10, na hilo ndilo pengo la kuacha: mlango wa sm 60 unataka sm 70. Au lisogezeni hema kuelekea upande mmoja wa trela hadi mlango ubaki nje ya ukingo, kisha pengo la sm 30 litatosha.

Msilionee pengo hilo uchungu. Maji ya paa yanaangukia hapo badala ya kuangukia ubavu wa trela, na matundu ya hewa ya friji pamoja na bomba la moshi la hita ya maji yanapumua. Kitambaa kilichogusa bomba hilo likiwa moto huyeyuka.

Swali: Kila tukilifungua hema linakwama nusu, tunavutana mpaka tunagombana. Utaratibu sahihi ni upi?

Jibu: Linakwama kwa sababu mmoja anavuta kabla ya mwenzake, au kitambaa kimefungwa kwa kukazwa kabla fremu haijatanuka. Sababu ya tatu ni mchanga kwenye kitelezi, kile kipande kinachopanda na kushuka mguuni.

Kabla ya yote inueni macho: tawi kavu juu ya hema ni sababu tosha ya kuhama mahali. Kisha simamisheni fremu, watu wawili mkikabiliana, kila mmoja ashike chuma cha nje cha upande wake kwa chini, mbali na pale vyuma viwili vinapopishana, maana hapo ndipo vidole hubanwa. Iinueni kidogo ili miguu isiburuzike, rudini nyuma kwa hatua zilezile mpaka ifunguke nusu. Simameni. Tandikeni kitambaa sasa, katikati ya paa ikae kwenye nguzo ya katikati, kona kwenye kona, mishikizo ya kunata ifungwe kwa kulegea.

Tanueni mpaka mwisho. Nendeni kona moja baada ya nyingine: mkono mmoja ushike mguu kwa juu, mwingine usukume kitelezi mpaka kitufe kilie. Kona isiyolia haijafungwa, hata kama inaonekana imekaa. Baada ya kona zote nne ndipo mnakaza mishikizo ya kitambaa.

Miguu bado ni mifupi, na huu ndio wakati wa kufunga kamba za kona na kupigilia vigingi vya upande upepo unakotoka. Wengi huinua kwanza halafu hutafuta kamba, na katika dakika hizo tano hema huwa halina kinacholishika. Miguu huinuliwa miwili miwili, tundu moja kwa zamu, mkianza na upande ulio mbali na upepo. Hivyo ukingo unaokabili upepo unakuwa chini na upepo unalikandamiza paa. Mkianza upande wa upepo, mnaufungulia uingie chini.

Likikwama, rudisheni nyuma kidogo mtafute kinachozuia. Msipige teke.

Swali: Hema letu liling'oka na vigingi vyake vinne likaangukia gari. Vigingi vilikuwa vimepigiliwa mpaka mwisho. Kosa liko wapi?

Jibu: Vigingi hivyo bila shaka vilipita kwenye matundu ya vibao vya miguuni, vimesimama wima. Kazi yake ni kuzuia mguu usiteleze. Upepo unapoinua paa, mguu unakivuta kigingi kwenda juu kwa njia ileile kilikoingilia, nacho hutoka bila ubishi.

Nguvu yenyewe si ndogo. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukipiga uso wa mita za mraba 9 moja kwa moja, unasukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kg 55. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne: kwa kilomita 72 ni zaidi ya kg 220. Paa halipigwi lote kwa namna hiyo kila wakati, lakini fremu ina kg 20 hivi, kwa hiyo mnaona pengo lililopo.

Kinachoshika ni kamba kutoka kona ya juu. Mguu ukiwa mita 2, kigingi kikae kama mita 2 nje, kamba ishuke kwa nyuzi 45. Kigingi kiinamishwe: kichwa kiegemee mbali na hema, ncha ielekee chini ya hema, kamba na kigingi vikutane karibu kwa pembe mraba. Kwenye udongo wa majani tumieni vya sm 30. Kwenye kokoto na ardhi ngumu, nondo ya mm 12 yenye urefu wa sm 45 au 50 ndiyo inayoingia bila kupinda. Ivisheni kopo kichwani ili isimchane mtu mguu. Mchanga haushiki kigingi chochote cha kawaida. Jazeni mfuko mchanga, fungeni kamba katikati yake, ufukieni sm 40 na kukanyaga juu.

Upande wa trela hamna mita 2 za kunyoosha kamba. Hapo kamba zipelekwe sambamba na ubavu wa trela, moja mbele, moja nyuma, na miguu hiyo miwili iongezewe uzito. Dumu la lita 20 lililojaa maji lina kg 20 na ni kiwango cha chini kwa kila mguu. Lining'inizwe kwa kamba kutoka kona ya juu hadi liguse ardhi, kisha lifungwe mguuni kwa chini lisibembee. Kulifunga kwenye kibao cha mguu peke yake kunaacha kazi yote kwa vitufe vya mguu. Kwenye sakafu ya zege au lami, ambako hakuna kigingi, miguu yote minne ipewe madumu, tena mawili mawili kama mnaweza.

Kuta za pembeni ondoeni upepo ukianza. Hema lenye ukuta upande mmoja ni tanga la jahazi lisilo na nahodha.

Mtajuaje wakati wa kulishusha? Vumbi na karatasi zikipeperuka na matawi madogo yakicheza, upepo uko kati ya kilomita 20 na 28 kwa saa: kagueni kamba zote, toeni kuta. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba yote, umefika kilomita 29 hadi 38, nasi hapo hatungojei. Shusheni miguu, vueni kitambaa au kunjeni hema lote. Radi ikisikika, ondokeni chini ya fremu kabisa, ingieni kwenye gari la bodi la chuma na kufunga milango. Msiache hema limesimama mnapoondoka kambini, hata kama anga ni safi.

Swali: Mvua ikinyesha paa linafanya bwawa. Nalisukuma kwa fimbo, sasa kitambaa kimetoboka.

Jibu: Bwawa lenye upana wa mita 1 na kina cha sm 10 katikati lina kama lita 40, yaani kg 40 zinazoning'inia kwenye chuma chembamba. Likianza halijizuii: uzito unavuta kitambaa, shimo linaongezeka, maji zaidi yanaingia. Ndiyo maana vyuma vya mkasi hukunjika usiku, watu wamelala.

Chanzo huwa ni ulegevu. Kagueni kama vitelezi vyote vinne vimelia, kisha vuteni kitambaa upya kwenye kona baada ya dakika chache za mvua, kwa sababu kitambaa kilicholowa huweza kulegea. Mvua ikitarajiwa, shusheni miguu miwili ya upande ulio mbali na trela sm 15 hadi 20 ili maji yapate mteremko na yasimwagike mlangoni. Kama hema lenu lina tabia hiyo kila mara, chukueni mabomba manne membamba ya plastiki ya maji, yanayopindika kwa mkono. Kila moja lipindwe kama upinde kati ya chuma cha pembeni na kitambaa, ncha zake zifungwe kwenye vyuma, na mwisho wa bomba uvalishwe kitambaa au tepu usichome.

Kusukuma maji tumieni kichwa cha ufagio laini au kiganja, mkianzia kwenye ukingo wa bwawa ulio karibu na nje, kidogo kidogo. Mkiinua katikati ghafla, lita 40 zinakimbilia upande mmoja na fremu inapinda kwa pigo hilo. Tundu lizibwe kwa kiraka cha kunata cha mahema, ndani na nje, baada ya kupangusa kwa spiriti na kuacha pakauke. Kata kiraka kona za mviringo. Kona kali huanza kubanduka.

Swali: Tunaweza kupikia chini yake?

Jibu: Jiko la gesi, ndiyo, likiwa karibu na ukingo, kuta zimefunguliwa angalau pande mbili, na moto hauruki. Mkaa na kuni, hapana. Cheche moja inatoboa poliesta, na chini ya hema lililofungwa kuta mkaa hujaza hewa ya sumu isiyo na harufu. Jenereta vilevile. Kitambaa kilichoandikwa kuwa kinastahimili moto huchelewa kuwaka, kuyeyuka kinayeyuka.

Swali: Chuma kimoja cha mkasi kimekunjika tukiwa bado na siku kadhaa kambini. Hema limekufa?

Jibu: Kama ni la bolti, halijafa. Kwa muda, nyoosheni taratibu kwa mkono juu ya gogo bila kugonga nyundo, kwa kuwa bomba lililobonyea hukatika likigongwa. Wekeni ubao au kipande cha bomba chenye urefu wa sm 30 pembeni ya jeraha, kifungeni kwa klipu mbili za skrubu zile za mipira ya maji, au kwa tepu ngumu iliyozungushwa tabaka nyingi. Angalieni kifungo hicho kisikae pale vyuma vinapopishana, la sivyo hema halitakunjika.

Mkirudi, agizeni chuma kwa kupima urefu kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, na kwa kutaja kama ni cha nje au cha kuelekea katikati, maana mara nyingi havilingani. Nati ziwe za kujifunga zenye mpira ndani. Zikazeni mpaka chuma kitulie, halafu rudisheni robo mzunguko: mkasi uliobanwa sana haufunguki, na mtalaumu kitelezi bure. Kwenye kisanduku cha trela wekeni bolti na nati mbili tatu za ziada, tepu, kiraka, spana inayozienea na vigingi vinne vya akiba.

Swali: Tunalifungasha likiwa bichi kwa sababu ya haraka, sasa linanuka na lina madoa meusi. Na lipakiwe wapi kwenye trela?

Jibu: Madoa hayo ni ukungu. Yasugueni kwa maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali na brashi laini, suuzeni sana, anikeni mpaka mishono ikauke. Msitumie klorini wala mashine ya kufulia. Vyote viwili huharibu utando unaozuia maji. Baadhi ya madoa hayatatoka, lakini harufu itatoka. Mkilazimika kulikunja likiwa bichi, livueni kitambaa, kibebeni peke yake kwenye mfuko, na kikunjuliwe siku hiyohiyo mkifika.

Hata kikiwa kikavu, kwa safari ya trela ni heri kukivua. Mtikisiko wa barabara husugua kitambaa kati ya vyuma, na matundu madogo hutokea mahali palepale pa mikunjo. Fremu iliyotumika ufukweni isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na vitelezi vipuliziwe silikoni kavu. Mafuta ya kawaida hukusanya mchanga.

Kupakia: fremu ilazwe sakafuni juu ya ekseli au mbele yake kidogo, ifungwe kwa mikanda. Kg 25 za hema pamoja na madumu zikiwekwa nyuma kabisa hupunguza uzito unaokandamiza kiungo cha kuvutia trela nyuma ya gari, na trela lenye mkia mzito huyumba kwenye mwendo. Madumu mwageni maji kabla ya kuondoka. Mtayajaza huko mwendako.